Umaskini Uliojengwa kwa Malighafi za Ndani

Wapo watu wanaobisha kwamba hakuna nchi iitwayo Sawazo. Watu hao hawajawahi kusimama foleni. Sawazo ipo, ina wimbo, ina bendera, ina mawaziri wengi kuliko visima, na zaidi ya yote haina ukosefu wa usawa. Ulikuwepo zamani. Bunge liliufuta alasiri moja, kati ya mjadala wa posho na chai ya maziwa, kwa kura za ndiyo za wabunge wote, pamoja na wale waliokuwa wamelala.

Tangu siku hiyo kila mtu Sawazo ni mwananchi wa kawaida. Mwenye jumba la ghorofa juu ya Kilima cha Marumaru ni mwananchi wa kawaida, na anayemdekia ngazi zake ni mwananchi wa kawaida. Ili wananchi hawa wa kawaida wasije wakachanganyikiwa na kusahau nani analala wapi, Serikali ilizungusha seng'enge katikati yao na kuiita Seng'enge ya Umoja. Njaa haikufutwa, maana hilo lingekuwa na gharama. Ilibadilishwa jina tu, ikaitwa hamu endelevu. Na mtaa wa Bondeni, ambako hayakuwahi kufika maji mengine isipokuwa ya mafuriko, ulipandishwa hadhi ukawa Eneo la Mapumziko ya Miundombinu.

Zawena alizaliwa na kukulia katika mapumziko hayo. Mama yake, Bi Siwema, alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, na nywele zake zilikuwa na vinyoya vyeupe mwaka mzima, kana kwamba amepita chini ya kuku wanaopigana. Alimsomesha binti yake kwa kushindilia magodoro wanayolalia wengine. Zawena naye alikuwa na akili, na juu ya akili alikuwa na ulimi, jambo lililowatia majirani fahari na walimu wake homa. Alifaulu, akaruka seng'enge, akaingia Chuo Kikuu cha Taifa, Idara ya Masuala ya Ulimwengu na Ukosefu wa Usawa.

Mtu atauliza: nchi isiyo na ukosefu wa usawa ina idara ya nini? Ni swali zuri, na ndiyo maana lilikatazwa.

*

Somo la kwanza liliitwa Utangulizi wa Maskini wa Wengine. Lilifundishwa na Profesa Lutengano, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kinanda, aliyekuwa ameuchunguza umaskini kwa miaka mingi kupitia madirisha ya hoteli za nchi mbalimbali.

Siku moja Profesa alizima taa, akamulika picha ukutani. Vikaonekana vibanda vya mabati, mtaro mweusi, kamba ya nguo, na juu ya kamba mfuko wa godoro wenye mistari ya kijani na kiraka cha kitenge chenye jogoo.

"Hapa tuko mbali sana na nyumbani," alisema Profesa. "Tazameni, vijana, wala msiogope. Ni picha tu."

Darasa likasikitika kwa pamoja, kama lilivyofundishwa. Nuhu Kirefu, mwana wa Waziri wa Usawa, akatoa leso. Zawena akanyoosha mkono.

"Shikamoo Profesa. Pale ni Bondeni."

"Marahaba. Wapi?"

"Bondeni, hapa nyuma ya maktaba. Mfuko ule kaushona mama yangu. Kitambaa cha yule jogoo nilikikata mimi."

Profesa alitabasamu tabasamu la mtu anayelipwa kwa saa. "Binti, unafanya kosa kubwa la kitaaluma. Mtafiti hawezi kuona kitu kilicho karibu naye. Sasa, kama wewe unakiona, basi maana yake nini? Kiko mbali."

Nuhu akageuka kitini. "Zawena nawe! Kila kitu kwenu. Juzi tumesoma mafuriko, kwenu. Jana kipindupindu, kwenu. Mtaacha lini kuwanyang'anya wenzenu shida zao?"

Darasa likaangua kicheko. Nuhu alikuwa na haki ya kusema, kwani ndiye aliyeongoza katika mafunzo kwa vitendo. Aliwahi kushinda alasiri nzima bila sharubati, akaandika ripoti ambayo Profesa alishindwa kuimaliza kwa machozi.

*

Mwaka ule Sawazo ilipata bahati ya kuandaa Kongamano la Dunia la Ukosefu wa Usawa. Furaha ilikuwa kubwa mpaka mtu mmoja akakumbuka kwamba wageni wa makongamano hayo wana tabia mbaya: baada ya kula, huomba kuoneshwa.

Waziri wa Usawa, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kirefu bin Kirefu, akaja chuoni kutoa ufumbuzi. Alipanda jukwaani, akasubiri makofi, akayapata, akasubiri mengine.

"Ndugu wanazuoni! Wageni wanakuja kuona ukosefu wa usawa. Sisi hatunao. Je, tukaazime kwa jirani?"

"Hapanaaa!" ukumbi ukajibu.

"Taifa linalojitegemea haliagizi umaskini kutoka nje! Tutaujenga wenyewe! Tutakuwa na Kijiji cha Mfano, chenye vibanda vya kisasa, mtaro wa kisasa, na vumbi la kiwango cha kimataifa!"

Wanazuoni walisimama wakapiga makofi mpaka saa zikawafunguka mikononi. Kiwanja kilipatikana papo hapo, kwenye ramani. Kulikuwa na eneo zuri nyuma ya maktaba, limepakwa rangi ya kijani na kuandikwa "tupu". Lilikuwa Bondeni.

Kesho yake gari la vipaza sauti likapita mtaani. "Wakazi wasiokuwepo wa Bondeni mnatangaziwa kuondoka kabla ya kongamano! Atakayekaidi atahesabika kuwa yupo, na hatua kali zitachukuliwa dhidi yake!" Nyuma ya gari lilifuata katapila la manjano, likaegeshwa mdomoni mwa mtaa, meno yakitazama nyumba ya Bi Siwema, iliyokuwa ya kwanza.

Zawena alimkuta mama yake amekaa juu ya godoro ambalo halijakwisha kushonwa, sindano mkononi, haishoni.

"Hebu nieleze wewe msomi," alisema Bi Siwema. "Wanabomoa vibanda vyetu wapate kujenga nini?"

"Vibanda, mama."

"Vya mabati?"

"Vya mabati."

"Na mtaro wetu wanaufukia ili wachimbe..."

"Mtaro."

Bi Siwema akafikiri. "Vyetu vina kasoro gani?"

"Vina watu."

"Ala! Kumbe ndiyo hivyo." Akachomeka sindano kwenye godoro kama anayemchoma mtu. "Baba yako amefia chumba hiki. Wewe umezaliwa chumba hiki, mvua inanyesha, mkunga kachutama hapo ulipokanyaga. Mimi sitoki, Zawena. Katapila likija litanikuta nimekaa. Nenda kawaulize maprofesa wako, fundi wa magodoro akibomolewa juu ya godoro lake, hilo somo linaitwaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza ulimi wa Zawena kumsaliti, na hakuipenda hali hiyo hata kidogo.

*

Kijiji cha Mfano kilihitaji maskini wa mfano, na chuo kikatangaza usaili. Bi Siwema alipiga pasi kanga yake, akajipanga mstarini na nusu ya Bondeni.

"Mama, unakwenda kufanya nini kule?" Zawena aliuliza.

"Kama wananitoa kwangu kwa sababu ni maskini wa kweli, nitarudi kwangu kama maskini wa bandia. Mimi ninachotaka ni kulala nyumbani."

Mezani walikaa Profesa Lutengano, mwenyekiti, na kijana Nuhu, mtaalamu mshauri.

"Tuoneshe umaskini," alisema Profesa.

Bi Siwema akasimama mbele yao.

"Anza basi, mama."

"Mbona nimeshaanza?"

Profesa akamtazama juu mpaka chini. "Sura yako haina mateso ya kutosha. Na hiyo kanga umeipiga pasi."

"Si nakuja kwa wakubwa?"

"Maskini halisi hapigi pasi," alisema Nuhu kwa upole.

"Halisi yupi huyo, mwanangu? Niitie nimsalimie."

"Hebu lia kidogo," Profesa akashauri.

"Nilie nini, na magodoro ya watu yananingoja?"

Walimwandikia "hana uzoefu". Walimfelisha pia mzibua choo wa Bondeni, kwa kuwa na bashasha, na mama mwenye pacha, kwa kutia chumvi. Nafasi zote zilichukuliwa na vijana wa Kilima cha Marumaru, ambao waliweza kulia kwa kuhesabiwa. Nuhu akapewa nafasi ya Maskini Mkuu, na matambara yake yakashonwa ng'ambo.

*

Kazi ya ujenzi alipewa Shemeji Sudi. Nchi nzima ilimwita Shemeji, hata wasiooana na ndugu zake, kwa sababu ushemeji na Waziri ndio uliokuwa cheti chake pekee cha uhandisi. Fungu la Kijiji cha Mfano lilikuwa limeshageuka chemchemi ya marumaru kwenye bustani yake, yenye samaki wa rangi. Ndiyo maana kongamano lilipobisha hodi, Zawena alimkuta Shemeji amekaa Bondeni juu ya ndoo iliyofudikizwa, mchoro wa kijiji magotini, jasho likimtiririka.

"Shikamoo Shemeji."

"Marahaba. Nipite, binti. Mimi nimekwisha. Kubomoa nitabomoa, dizeli ipo. Lakini nikishabomoa, wageni niwaoneshe nini? Uwanja wa mpira?"

"Hebu nione huo mchoro."

Mchoro ulikuwa na vibanda vya mabati yenye kutu, mtaro uliopinda na kamba za nguo. Msanifu alikuwa ameunakili, mstari kwa mstari, kutoka picha ya Profesa. Zawena akautazama mchoro, akaitazama Bondeni, akahisi ulimi wake unarudi.

"Shemeji, mbona kijiji chako umekimaliza?"

"Usinitanie, mtoto we."

"Geuka nyuma."

Shemeji Sudi akageuka. Alikuwa amepita pale mara nyingi bila kuona kitu. Sasa akaona, mdomo ukamwanguka. "Kutu imekolea," alinong'ona.

"Kutu ya miaka hiyo. Fundi gani angekupa kutu kama ile kwa makombo uliyobakiza? Na harufu nayo umeipata bure."

"Na watu wake?"

"Watu gani? Hujasikia tangazo? Hawapo. Asiyekuwepo anamzuia nani?"

Shemeji alicheka mpaka ndoo ikamtupa. Lakini Zawena hakuwa na haja na chemchemi ya Shemeji wala heshima ya Waziri. Alichokuwa akikiwinda ni Sheria ya Utepe.

Kule Sawazo kitu hakizaliwi kwa msingi. Huzaliwa kwa utepe. Daraja la Mto Mwendo lilikatwa utepe kabla ya kujengwa, kwa hiyo lipo, na wanaovuka kwa mtumbwi hutozwa faini ya kulidharau. Hospitali ya Mkoa imekamilika hadi mapazia, lakini haijakatwa utepe, kwa hiyo haipo, na wagonjwa hulazwa langoni. Na kitu kikishakatwa utepe hakibomolewi kamwe, maana kukibomoa ni kusema Mheshimiwa alikata utepe wa upuuzi. Mkasi wa Waziri ukipita mdomoni mwa Bondeni mara moja tu, hakuna katapila litakaloigusa tena nyumba ya mama yake.

*

Siku ikafika. Utepe mwekundu ulifungwa kutoka nguzo ya Bi Siwema hadi nguzo ya jirani, na katapila likafunikwa maua. Wageni waliongozwa na Madamu Ostran, bingwa wa ukosefu wa usawa duniani, mwanamke mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa kaseti na aliyevaa viatu vya kupandia milima. Zawena, kama mwanafunzi bora wa maskini wa wengine, ndiye aliyeteuliwa kuwatembeza.

"Ukosefu huu wa usawa," alinguruma Mheshimiwa Kirefu, "tumeujenga kwa mikono yetu wenyewe, kwa malighafi za ndani! Hakuna hata msumari mmoja wa kuagiza!"

Makofi. Madamu Ostran alikuwa ameinama juu ya mtaro, machozi yakimlengalenga. "Nimezunguka dunia," alisema. "Sijaona uigaji wa kiwango hiki. Hata nzi!"

"Nzi ni wetu," alisema Waziri kwa unyenyekevu.

Kasoro ilikuwa waigizaji. Nuhu alilala vumbini akalia kwa kuhesabiwa, lakini nzi mmoja alipomtua puani aliruka akaita dereva. Ndipo Madamu akasukuma mlango wa kwanza mwenyewe, akamkuta Bi Siwema amekaa juu ya godoro lake, kama alivyoahidi.

Profesa Lutengano akageuka rangi. "Huyu tulimfelisha!"

Kila kitu kikasimama. Waziri akaushusha mkasi. Neno moja baya, na utepe ungefunguliwa bila kukatwa na maua yangetolewa kwenye katapila.

"Ni mwigizaji wa akiba," alisema Zawena. "Amezama kwenye nafasi yake, Madamu. Hatoki."

Madamu Ostran akachutama mbele ya Bi Siwema kwa heshima. "Mama, umeanza kuigiza lini?"

Bi Siwema alimtazama binti yake, akamtazama Waziri, akakata uzi kwa meno. "Tangu uhuru," alijibu.

Wageni wakalipuka kwa makofi. Mheshimiwa Kirefu, asiyetaka kuachwa nyuma na makofi ya nchi nyingine, akaufyatua mkasi, utepe ukaanguka. Bondeni ikazaliwa.

*

Kwa kweli mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Katapila liliondoka. Bondeni ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Ukosefu wa Usawa. Zawena alipata shahada ya daraja la kwanza, akapewa kazi ya Mhifadhi Msaidizi, na kofia ngumu ya bati yenye nembo ya Serikali. Mtaa mzima ulimbeba juujuu. Bi Siwema alilia siku hiyo, bila kuhesabiwa.

Kisha masika yakaja, na ukuta wa nyuma wa Bi Siwema, ule wa upande anaolala, ukajilaza chini. Majirani walileta matofali, wakakoroga saruji, wakaanza kuuinua upya. Hawajafika mbali, filimbi ikalia. Profesa Lutengano, Mkurugenzi wa Hifadhi, aliwasili na wanafunzi wapya nyuma yake, madaftari yako tayari.

"Simamisheni! Sheria ya Utepe, kifungu cha pili: kilichokatwa utepe kitabaki kama Mheshimiwa alivyokiona!" Akapangusa jasho. "Leo tofali, kesho bomba la maji. Keshokutwa tutafundisha nini? Mhifadhi Msaidizi, mwamuru huyu mama abomoe."

Zawena akasimama na kofia yake ya bati kichwani. "Profesa, mvua inamnyeshea kitandani."

"Na ionekane inamnyeshea! Ukurasa mzima wa kitabu changu ni huo!"

"Profesa, ni mama yangu."

"Ukaribu tena, binti! Nilidhani tulikutibu."

Zawena akamgeukia mama yake, akitafuta msaada. Bi Siwema hakumpa. Alisimama na tofali mkononi, vinyoya vya sufi vikimning'inia kwenye nywele.

"Sema, mwanangu," alisema taratibu. "Si ndiyo kazi uliyosomea?"

Hapo Zawena akaona alichokifanya, chote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alizuia mtaa wake usibomolewe, na sasa alikuwa ameajiriwa kuuzuia usijengwe. Na angeweza kuifanya kazi hiyo vizuri. Maneno yalikuwa yameshajipanga kinywani: uendelevu, uhalisia, maslahi mapana. Ulimi wake ulikuwa unayajua yote.

Akaufunga mdomo. Alivua kofia, akaigeuza juu chini, akaizamisha kwenye lundo la saruji ikajaa mpaka nembo. Ilibeba vizuri sana. Kofia za Serikali ya Sawazo ni imara, hilo lazima lisemwe.

"Nitakufutia shahada!" Profesa alipaza sauti.

"Futa, Profesa. Ila sogea kidogo, umesimama juu ya mchanga wetu."

Bi Siwema akaweka tofali, Zawena akamwaga saruji, jirani akaweka jingine. Profesa alisoma kifungu cha pili, akasoma cha tatu, akaanza kutunga cha nne. Ukuta ukawa unapanda. Mwanafunzi mmoja mpya, binti mwenye miwani, alinyoosha mkono na kalamu yake.

"Samahani Profesa. Hawa tunaowaandika, tuandike kwamba wapo au hawapo?"

Profesa Lutengano akafungua kinywa kumjibu, lakini safu ya matofali ilikuwa imeshamfika puani, na upande wa ndani hakuna aliyesikia alichosema.